Bakuli la Gavana na Bakuli la Malkia

Nyumbani kwa Kaltuma, mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo, kulikuwa na kitu kimoja ambacho hata wajukuu wake wasiosikia la mtu walikiogopa. Kilikuwa bakuli la kioo lenye rangi ya chungwa lililoiva. Ukiligeuza kwenye mwanga lilitoa rangi nyingine, zambarau, kijani, buluu, kama dimbwi la maji lililoingia mafuta pale kituo cha petroli. Ukingo wake ulikuwa na mikunjo kama ya pazia, na tumboni lilikuwa na vishada vya tunda fulani dogo la mviringo. Kaltuma alisema ni tende. Lilikaa ndani ya kabati la sebuleni, na ufunguo wa kabati ulikaa shingoni mwa Kaltuma.

Lilitoka siku za harusi na siku za Idi tu. Kaltuma alilibeba mwenyewe, akalijaza peremende, kisha akaketi kando yake kwenye kiti cha plastiki mpaka mgeni wa mwisho aage. Mgeni akichukua peremende mbili, Kaltuma hakusema kitu. Akichukua tatu, alimwuliza kama mamake bado yuko hai.

Wageni wote walijua historia yake, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuondoka bila kuisikia. Bakuli lilikuwa la Gavana. Gavana wa Wazungu, zamani za ukoloni, alipita Isiolo akaona ng'ombe dume mweupe wa Mzee Jattani, babu wa marehemu mume wa Kaltuma. Akampenda yule dume hata akashindwa kula. Mzee Jattani, kwa ukarimu wa Waborana, akamwambia amchukue. Gavana naye akamwaga matunda yaliyokuwa mbele yake, akampa bakuli alilokuwa akilitumia. Kadiri miaka ilivyopita, dume yule alizidi kunenepa, na kufikia harusi ya Liban, mwana wa Kaltuma, alikuwa ameandamana na ngamia wawili.

Miezi mitatu kabla ya mambo ninayoyasimulia, kaka yake Kaltuma, Godana, alirudi nyumbani kukaa naye. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha chupa na glasi huko pwani, mpaka kiwanda kikafungwa. Alikuwa mtu mkimya, mrefu, mwenye kuvaa shati la mikono mirefu hata jua likichoma mawe. Kwa watu wa nyumbani alikuwa tu "yule aliyekuwa Mombasa". Hakuna aliyemwuliza zaidi, naye hakusema zaidi.

Basi kijana mmoja aliyeitwa Kiragu, afisa wa utamaduni aliyehamishiwa Isiolo kutoka Nyeri, akapata wazo. Alitangaza maonyesho ya vitu vya kale katika ukumbi wa jamii, wiki nzima. Kila mtu alete kitu cha ukoo wake na aeleze historia yake. Kitu kitakachoshinda, mwenyewe atapewa tangi la maji la lita elfu moja.

Isiolo hakuna mtu asiyetaka tangi. Kaltuma aliwaonyesha wajukuu mahali pa kuliweka uani kabla hata ya kujiandikisha.

Siku ya kwanza ya maonyesho alifika asubuhi mapema, akachagua meza iliyo karibu na mlango, akatandika kitambaa cheupe na kuweka bakuli lake katikati. Godana alimfuata nyuma akibeba kiti cha plastiki. Watu walianza kuja, na Kaltuma akaanza kusimulia. Alikuwa amefika pale Gavana anaposhindwa kula, mlangoni akaingia Gacheri.

Gacheri, ambaye wengi walimwita Mama Ivy, alikuwa mwenye duka la vyombo pale sokoni, Mmeru, mwanamke mnene mcheshi ambaye alijulikana kwa kuendesha pikapu yake mwenyewe na kutopitwa na mtu barabarani. Alikuwa amekumbatia katoni. Aliona meza ya Kaltuma, akasimama. Akaliangalia lile bakuli. Kisha, bila kusema neno, akaiweka katoni yake sakafuni, akaifungua haraka na kuchungulia ndani, kama mtu anayehakikisha mtoto hajaibwa mgongoni.

Mtoto alikuwepo. Akatoa bakuli la kioo, rangi ya chungwa, ukingo wa mikunjo, vishada vya matunda tumboni. Akaliweka mezani kando ya lile jingine.

Watu wakasogea karibu.

"Mama Liban," Gacheri alisema, "hii yako umetoa wapi?"

"Nimetoa wapi? Hii ni ya Gavana. Wewe ndiye useme yako umetoa wapi."

"Yangu ni ya Malkia."

"Malkia gani?"

"Malkia ni wangapi? Huyo wa Uingereza. Alipokuja Kenya alikula kwa hii bakuli, halafu ikabaki kwa mama mmoja Mzungu, ambaye cucu, nyanya yangu Nkirote, alikuwa akimfulia nguo. Huyo mama akirudi kwao alimwambia cucu, chukua, hakuna mtu mwingine ninayemwamini. Na hizi hapa ni kahawa, ya kwetu Meru." Aliyagusa yale matunda kwa kidole.

"Hizo ni tende," Kaltuma alisema.

"Tende ina umbo la hivyo wapi?"

Nyuma kabisa alikuwepo Denge, mchinjaji, ambaye hakuleta kitu cha kale ila mdomo wake. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Kwa hivyo Gavana na Malkia walikuwa wakinunua vyombo duka moja."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kaltuma hakucheka. Gacheri alitaka kucheka, kisha akakumbuka tangi.

Kiragu alikuja mbio na daftari lake. Alikuwa amejifunza mambo mengi chuoni, lakini hili halikuwamo. Aliyazungukia yale mabakuli mara mbili, akauliza kama kuna mtu anayejua vyombo vya kioo.

Kaltuma, kwa hasira na kwa kujiamini, akasema, "Ndugu yangu amefanya kazi ya glasi miaka thelathini na minne. Godana, waambie."

Godana aliomba maji, akanawa mikono, akaifuta vizuri. Akalishika bakuli la kwanza kwa vidole vya mikono miwili, akaligeuza juu chini, akalipeleka dirishani. Akapitisha ukucha wa kidole gumba ubavuni. Akafanya vivyo hivyo kwa la pili. Alichukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha, maana hata asiyejua kazi humtambua anayeijua.

"Zimetoka kalibu moja, chuma kinachokipa kioo umbo," alisema mwishowe. "Tazama hiki kishada. Tunda la tatu lina kovu dogo. Na hii nyingine, tunda la tatu, kovu hilohilo. Kalibu lilikuwa na jeraha. Kila bakuli iliyotoka ndani yake ilizaliwa na alama hiyo."

"Na tunda lenyewe?" Gacheri aliuliza.

"Zabibu."

Wanawake wawili walitazamana. Hakuna aliyewahi kula zabibu.

"Sasa ni ya nani kati ya hao wakubwa wawili?" Kiragu aliuliza, kalamu mkononi.

Godana alikohoa. Hapo ndipo angeweza kuokoa mambo, lakini alikuwa fundi, na fundi hulegea kwa kila kitu isipokuwa kazi yake. "Si ya wakubwa," alisema. "Mkubwa alikuwa na kioo kilichochongwa kwa mkono, wiki nzima bakuli moja. Hii imebonyezwa kwenye kalibu, dakika moja bakuli moja. Halafu ikapuliziwa dawa ya madini ikiwa moto ili ing'ae kama ya tajiri. Viwanda vya Ulaya na Amerika vilitengeneza nyingi sana, miaka mia moja iliyopita, kwa ajili ya watu wa mishahara midogo. Zingine zilipeanwa bure kwa michezo ya bahati. Msimamizi wetu kule kiwandani, Mhindi mmoja ambaye babu yake na baba yake wote walikuwa mafundi wa kioo, alikuwa nayo moja ofisini. Alitufundisha nayo. Gavana hawezi kula kwa hii. Hii ni bakuli ya watu kama sisi."

"Umemaliza?" Kaltuma aliuliza.

"Bado. Huu mstari hapa chini, mdogo kama unywele, ni wa mkasi. Mtu alikuwa akikata donge la kioo..."

Lakini Kaltuma alikuwa amekwisha kulifunga bakuli ndani ya leso. Alitoka nje kwa hatua ndefu, ufunguo ukimrukaruka kifuani. Kiti cha plastiki aliachiwa Godana.

Jioni hiyo Kaltuma hakumsemesha. Aliwapa watu wote chai katika glasi, na ya Godana akaileta katika kikombe cha plastiki. Godana alielewa. Aliinywa yote, akashukuru, hakujibiwa.

Kesho yake asubuhi pikapu ilipiga honi nje. Gacheri aliingia na katoni yake, akasalimia, akakaa bila kungoja kuambiwa.

"Mama Liban, sikuja kugombana. Jana sikupata usingizi. Cucu yangu hakuwahi kudanganya mtu, hata bei ya maharagwe. Kama si Malkia, alitoa wapi? Na kama zimetoka kalibu moja, huko mbali, zilijuaje kuja mji mmoja? Isiolo ni kubwa namna gani?"

Kaltuma alikuwa amejitayarisha kukasirika, lakini swali lilimshika. Nalo lilikuwa swali ambalo lilimkosesha usingizi yeye pia.

"Amebaki mtu mmoja anayeweza kujua," alisema. "Mzee Kalicha, mtoto wa Jattani. Yuko Kulamawe."

"Basi twende. Gari lina mafuta. Na Mzee Godana aje."

"Wa nini?"

"Yeye ndiye aliyetuvunjia uongo. Aje asaidie kuokota vipande."

Walisafiri watatu wamebanana mbele, Gacheri kwenye usukani, Godana dirishani, Kaltuma katikati akiwa na mabakuli yote mawili mapajani, yamefungwa kwa leso na blanketi ya mtoto. Kwa vile Kaltuma alikuwa hamsemeshi kaka yake, maneno yote yalipitia kwa Gacheri.

"Mama Ivy, mwambie huyo ndugu yangu afunge dirisha, vumbi linaingia."

"Mzee, unaombwa ufunge dirisha."

"Mwambie likifungwa tutapikika."

"Anasema tutapikika."

"Mwambie yeye si amezoea moto."

Gacheri alicheka hadi gari likaenda upande. Kaltuma aliyakumbatia mabakuli na kumwomba Mungu kwa lugha mbili.

Mzee Kalicha alikuwa na miaka themanini na sita. Walimkuta ndani ya duka la binti yake Ubah, amekaa juu ya bunda la unga, redio sikioni, akisikiliza mpira. Alipowaona alisema masikio yake hayafanyi kazi tena. Walisalimiana sana, salaam aleikum na habari na za mifugo, na kila jibu lake lilikuja vizuri bila kurudiwa swali. Kisha Kaltuma akafungua leso.

Mzee Kalicha alizima redio. Aliyatazama mabakuli mawili yakiwa pamoja juu ya kaunta, kati ya sabuni na viberiti, na uso wake ukabadilika ukawa kama wa kijana aliyekamatwa.

"Yamekutana," alisema.

"Unayajua?"

"Baba yangu ana miaka mingapi kaburini?"

"Zaidi ya arobaini, ami," Kaltuma alisema. "Unajua."

"Basi hawezi tena kunidai ndama wake." Akashusha pumzi. "Nilipewa ndama jike ninyamaze. Nilikuwa na miaka kumi. Nimenyamaza vizuri, na yule ndama alizaa mara tisa. Sasa niwaambie."

Siku hiyo, alisema, kulikuwa na mashindano ya mbio za ngamia pale Isiolo, na watu walijaa, wafugaji, wafanyabiashara, askari waliorudi vitani. Mama yake, Talaso, alikuwa amekwenda kuuza maziwa, na yeye Kalicha aliandamana naye. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameweka meza ya mchezo. Alisimamisha vigingi, na mtu alinunua pete tatu za waya akazirusha. Zote tatu zikiingia kwenye kigingi, anachagua zawadi. Zawadi zilikuwa vyombo vya kioo vya rangi, vilivyokaa stoo ya mtu miaka mingi mpaka majani ya kufungia yakawa vumbi. Wanaume walirusha tangu asubuhi. Askari walirusha. Mhasibu wa kanisa alirusha. Hakuna aliyeingiza zaidi ya moja.

"Mama yangu alisimama akatazama," Mzee Kalicha alisema. "Unajua yeye alikuwa akifunga ndama kwa kamba tangu akiwa msichana. Ndama anakimbia, yeye anarusha kitanzi, kwisha. Na vigingi havikimbii. Hakuwa na hela. Alimpa yule mtu kibuyu kizima cha maziwa. Lakini alikuwa na dadangu mdogo mgongoni, hawezi kurusha na mtoto. Kulikuwa na msichana Mmeru amesimama hapo, mfuaji nguo kwa nyumba ya afisa mmoja Mzungu. Walikuwa wanajuana, alikuwa akinunua maziwa kwetu. Akasema, lete mtoto. Akamfunga mgongoni."

Gacheri alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Nkirote," alisema.

"Nkirote. Mama akarusha. Moja, mbili, tatu. Watu wakapiga kelele. Yule mwenye meza alidhani ni bahati. Akasema, mama, rudia bure, nataka kuona. Akaona. Moja, mbili, tatu. Basi akafunga meza akasema kichwa kinamuuma."

"Na bakuli ya pili?" Godana aliuliza.

"Mama alimpa yule msichana. Nkirote alikataa, akasema mimi sikurusha kitu. Mama akamwambia, aliyenishikia mtoto naye amerusha."

Ubah, ambaye alikuwa anapima sukari, aliacha kupima.

"Sasa Gavana alitoka wapi?" Kaltuma aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa baba. Aliona aibu. Mke wa Jattani kurusha pete mbele ya askari, na wanaume wanashangilia? Jirani alipouliza bakuli imetoka wapi, baba alimtazama, akasema, Gavana. Ilitoka tu mdomoni. Halafu ikabidi kuwe na sababu, ndiyo akaleta dume mweupe. Sisi hatukuwahi kuwa na dume mweupe. Mama alicheka siku tatu, lakini hakumkosoa mumewe."

"Na cucu yangu?"

"Huyo hakuichukua siku hiyo. Aliogopa. Yule mama Mzungu alikuwa anahesabu vyombo vyake kila Jumamosi. Mfuaji nguo akipatikana na bakuli inayong'aa hivyo chumbani kwake, nani ataamini kuwa amepewa na muuza maziwa? Ingekuwa kesi. Kwa hivyo mabakuli mawili yalikaa chini ya kitanda chetu mwaka na zaidi, mpaka akaacha kazi. Akaja akachukua yake akaenda Meru. Mama alilia."

Gacheri alijipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Sasa naelewa," alisema. "Mamangu aliniambia cucu aliificha ndani ya gunia la maharagwe mpaka Wazungu wakaondoka. Kama ulipewa na Malkia, unaficha nini kwa maharagwe? Sikuwahi kujiuliza. Kumbe kusema umepewa na Mzungu ndiyo ilikuwa barua yake ya kupita, asiitwe mwizi."

Mzee Kalicha aliwasha redio yake tena, akakuta timu yake imefungwa mabao mawili. Aliwalaumu wageni.

Kurudi, jua lilikuwa limepanda na ndani ya pikapu kulikuwa kama ndani ya chungu. Godana alivumilia hadi wakapita mto mkavu wa kwanza, kisha akafanya kitu ambacho Kaltuma hakuwahi kumwona akifanya. Alikunja mikono ya shati. Kutoka kiganjani hadi kiwikoni ngozi ilikuwa na makovu, mengine ya zamani na meupe, mengine yaliyojikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto.

Kaltuma aliyatazama kwa muda. Gacheri alitazama barabara kwa bidii ambayo hakuwa nayo siku zote.

"Hiyo ni nini?" Kaltuma aliuliza. Hakumtuma mtu.

"Kazi."

"Tangu lini?"

"Hii ya mwaka wa kwanza. Nilikuwa mbebaji. Glasi ikitoka kwenye kalibu bado inawaka, unaibeba kwa koleo refu mpaka tanuru la kupozea. Ukiikawiza inapasuka. Ukiharakisha unaanguka. Hii nyingine ni ya Ramadhani moja, nilikuwa nimefunga, nikaona giza."

"Ulikuwa unakuja nyumbani kila mwaka. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakuja siku kumi. Mnaniuliza bei ya sukari Mombasa, nawaambia."

Kaltuma alijua ni kweli. Miaka thelathini na minne alimwuliza bei ya sukari, na bei ya mchele, na kama bahari ni kubwa. Aliyaweka mabakuli vizuri mapajani.

"Jana ulikuwa unasema kuhusu mkasi," alisema. "Sema."

Godana akasema. Alimchukua mkono dada yake akaupitisha chini ya bakuli mpaka ukucha wake ukausikia ule mstari. Hapo, alisema, mtu alikata donge la kioo likidondoka kama asali. Akikata mapema bakuli linakosa ukingo, akichelewa linakuwa zito. Huyu alikata vizuri. Hii mistari mitatu ya ubavuni ni pale kalibu lilipofungukia, na aliyelifungua alikuwa mtu mwingine. Aliyebeba zamani alikuwa mtoto, wa miaka kumi na mmoja, kumi na miwili, alikimbia siku nzima kati ya moto na moto. Ukingo ulikunjwa na fundi mwenye kifaa cha mbao, na ukiangalia vizuri utaona bakuli la Gacheri mikunjo yake imelala upande.

"Alikuwa amechoka," Gacheri alisema.

"Au mchana ulikuwa umefika, ana njaa. Na rangi ilipuliziwa, mara nyingi na wanawake. Walivuta ule moshi wa dawa. Msimamizi wetu alisema wengi hawakuzeeka."

Alizungumza kutoka ule mto mkavu hadi Isiolo, karibu saa mbili nzima, mtu ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amesema labda maneno mia. Walipofika mjini Gacheri alipitiliza Bulla Pesa makusudi, akazunguka raundi moja zaidi, ili amalizie.

Siku ya mwisho ya maonyesho mabakuli mawili yalirudi ukumbini, safari hii juu ya meza moja. Kiragu alikuwa ameandika kadi ndogo: "Mabakuli ya kioo, ya zamani." Kaltuma aliisoma akamrudishia.

"Hapa hakuna mtu," alisema. "Andika watu."

Kiragu aliandika Talaso. Akaandika Nkirote. Gacheri akataka iongezwe kwamba mtoto alishikwa mgongoni. Godana akataka aliyekata, aliyefungua kalibu, aliyebeba, aliyekunja na aliyepulizia rangi. Kiragu aliuliza majina yao, akaambiwa hayajulikani, basi aandike kazi zao. Kadi ikawa karatasi tatu, zikapigiliwa ukutani.

Watu walijaa kuliko siku ya kwanza, maana habari zilikuwa zimefika kila mahali. Kaltuma alisimulia, na kila baada ya muda alikatizwa na Gacheri, kisha Gacheri naye akakatizwa. Dume mweupe alikufa siku hiyo bila kuchinjwa. Badala yake Talaso alirusha pete, na kufikia adhuhuri vigingi vilikuwa vimesogea mbali hatua ishirini. Godana alimtazama dada yake. Kaltuma akavirudisha karibu.

Mwanamke mmoja kutoka Kinna alimwuliza Godana kama wale watu wa kiwandani walilipwa vizuri.

"Hapana," Godana alisema. "Ndiyo maana bakuli ilikuwa ya bei rahisi."

Yule mwanamke alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za jamaa yake. Denge mchinjaji, aliyekuwa nyuma na maneno yake tayari, aliyameza. Kisha akaja mbele, akaomba kugusa ule mstari wa mkasi, na Kaltuma akamruhusu baada ya kukagua mikono yake.

Saa tisa Kiragu alitangaza mshindi. Tangi lilikwenda kwa mzee Galgalo wa Korbesa, aliyeleta ndoo ya ngozi ambayo babu zake walichotea maji kisimani, na ambayo bado inachota. Watu walipiga makofi.

Kaltuma na Gacheri hawakupiga. Walikwenda pamoja mpaka kwenye meza ya Kiragu, wakasimama bega kwa bega, na kwa nusu saa walimweleza kijana wa watu, mmoja kwa Kiswahili cha Kiborana na mwingine kwa Kiswahili cha Kimeru, kwamba mtu mwenye ndoo nzuri kiasi kile hana haja ya tangi. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Mlangoni, Godana aliketi kwenye kiti cha plastiki, mikono ya shati imekunjwa, akiwaonyesha vijana watatu wa sekondari jinsi ya kushika kitu cha kioo bila kukiogopa.